Kurudi Mara ya Pili

Hotuba kwa watu wa misikiti na makanisa wanaojitolea kuzuru wagonjwa majumbani, Arua

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Wazee wetu, mama zetu, mashehe na makatekista, nanyi vijana mliotoka Oli, Ediofe, Mvara na hata Kuluva asubuhi hii, karibuni.

Tumeitwa kuzungumza juu ya huruma kwa mtu anayeteseka, na tumeombwa tuizungumze kama ibada. Nianze na jambo ambalo kila mtaa hapa unalijua. Mtu akirudishwa nyumbani kutoka hospitali, wiki ya kwanza nyumba hujaa. Viatu hubanana mlangoni, sukari na sabuni hurundikana, na kila anayeingia ana machozi. Wiki ya tatu wamebaki majirani wa ukuta mmoja. Mwezi wa tatu mgonjwa yuko pale pale, maumivu ni yale yale, na mlangoni kuna ndara za mkewe na za mtoto, basi.

Yale machozi ya wiki ya kwanza yalikuwa ya kweli, wala simlaumu aliyeyatoa. Ila hisia huja yenyewe na huondoka yenyewe. Muislamu haamki alfajiri kwa sababu leo amejisikia kusali, na Mkristo hachagui siku za Kwaresima ambazo hana njaa. Wanaamka na wanafunga kwa kuwa walikwisha kuamua. Huruma nayo ina saa yake, ina siku yake, na inaanza kuitwa ibada siku ile unaporudi mara ya pili, machozi yakiwa yamekauka na mvua inanyesha.

Maandiko yetu yanakutana hapa. Katika Mathayo sura ya 25 Bwana anasema alikuwa mgonjwa, wakaja kumtazama. Katika hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, iliyopokewa na Imamu Muslim, Mwenyezi Mungu atamwambia mja Siku ya Kiyama kwamba aliugua na mja hakumzuru. Mja atastaajabu, naye ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angelimzuru angelimkuta Mungu kwake. Angalieni kilichoulizwa. Hakuna aliyeulizwa kama mgonjwa alipona. Hakuna aliyeulizwa alisema nini. Kumbe mtihani ni kufika. Jambo hili linatupunguzia mzigo mkubwa, kwa sababu wengi huacha kwenda wakidhani hawana la kumpa mgonjwa.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe, maana ibada ina nguzo zake na ina vinavyoibatilisha.

Kabla ya kutoka nyumbani, uliza. Piga simu au mtume mtoto: leo kunafaa? Mgonjwa ana haki ya kusema leo hapana, na wewe usinune. Wengi wanafaa katikati ya asubuhi, wakishaogeshwa na kumeza dawa. Saa ya kusafishwa kidonda si saa ya wageni. Ukiwa na mafua au kikohozi, baki kwako. Usijipulize manukato wala usiende ukinukia udi. Mwenye saratani, hasa aliyetoka kutiwa dawa hospitali ya Mulago, harufu nzuri kwako inaweza kumtapisha. Nendeni wawili, na mmoja awe wa jinsia ya mgonjwa.

Ukifika mlangoni simama. Vuta pumzi mara tatu, taratibu, kisha weka nia kwa maneno yako mwenyewe, mafupi: nimekuja kwa ajili yake. Hapo nje acha vitu viwili. Cha kwanza ni ushauri. Cha pili ni ile habari ya mtu mwingine aliyekuwa na ugonjwa huo huo, awe alipona au alikufa, kwa sababu yote mawili humwumiza: aliyepona anamfanya mgonjwa ajione ameshindwa, na aliyekufa, mnajua wenyewe. Zima simu. Nawa mikono kwa sabuni, sekunde 20 nzima, unapoingia na unapotoka.

Ndani ya nyumba, tazama kwanza mwanga unatoka wapi. Katika vyumba vyetu vingi mwanga unatoka mlangoni tu. Ukisimama mlangoni ukamsalimu, yeye anaona kivuli cheusi kisicho na uso, na mtu aliyelala chali akitazamwa kutoka juu na kivuli hujisikia kama maiti. Tafuta kigoda. Kikikosekana, jerikeni iliyolazwa ubavu inatosha. Usikae kitandani bila kuruhusiwa; godoro likibonyea upande mmoja, mwenye maumivu ya mgongo au nyonga anasikia kila kitu. Kaa upande ambao atakuona bila kugeuza shingo, uso wako usawa na wake. Ukitaka kumshika, omba ruhusa. Kisha usiukamate mkono wake kwa juu. Weka wako chini, kiganja kikitazama juu, na wake upumzike hapo. Kwa namna hiyo anaweza kuuondoa wakati wowote anaotaka, na mtu aliyenyang'anywa karibu kila kitu na ugonjwa anaujua uhuru huo mdogo hata usipoutaja.

Salamu nayo ina elimu yake. Ukimuuliza "umepata nafuu?" umemfunga mdomo. Kwa adabu zetu atajibu anamshukuru Mungu, hata kama amekesha akiuma shuka. Jibu hilo si uongo, ni heshima anayokupa wewe mgeni. Pokea shukrani yake, nyamaza kidogo, halafu uliza swali la pili: usiku ulikuwaje? Swali hili watu hulijibu. Kwenye usiku ndiko kuna maumivu, kuna hofu ya kufa, kuna deni la ada ya shule, kuna kikohozi kisichomwacha mkewe alale. Akianza kujibu, kazi yako imekwisha kuwa nyepesi: sikiliza.

Akinyamaza, nyamaza naye. Hapa ndipo wengi tunaanguka. Rafiki zake Ayubu walipomwendea walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kumwambia neno, na hadi hapo hawakuwa na kosa. Kosa lilianza walipofumbua vinywa wakataka kumweleza kwa nini anateseka. Jaribuni wenyewe nyumbani: keti na mtu, hesabu polepole mpaka 20 bila kusema. Wengi hawafiki 10. Kinachotusukuma kusema mara nyingi ni woga wetu wenyewe, na mgonjwa analazimika kuubeba juu ya wake.

Maneno yanayoumiza yanajulikana. "Jikaze." "Wako walio na hali mbaya kuliko wewe." "Najua unavyojisikia." Wazee walikwisha sema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tunaingia na kuanza kuhesabu kunguni wa kitanda cha mwenzetu. Na "ni majaribu ya Mungu" mgonjwa akilisema mwenyewe, ni lake, liheshimu, huenda ndilo linalomshika asianguke. Likitoka kinywani mwa mgeni mwenye afya, ni jiwe.

Nikae kidogo kwenye maumivu, maana hapa dini imetumika vibaya na watu wameteseka bure.

Nchi yetu ina jambo la kujivunia. Tangu mwaka 1993, daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kuwatuliza wagonjwa mahututi, mofini ya maji ya kunywa, dawa kali ya maumivu, imewafikia wagonjwa wa saratani na wa ukimwi majumbani mwao. Ni unga unaochanganywa na maji, unapimwa na kutiwa kwenye chupa. Ile ya kijani ndiyo hafifu kuliko zote, miligramu 5 katika mililita 5. Na tangu 2004 wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea kazi hiyo wameruhusiwa kuiandika, kwa sababu ukimsubiri daktari peke yake, mgonjwa wa kijijini atakufa akilia.

Dawa iko, tena kwa mgonjwa ni ya bure, na bado mtu analia. Kwa nini? Mara nyingi chupa imefichwa. Familia imesikia kwamba hiyo ni dawa ya kumalizia mtu, au kwamba itamfanya mlevi. Au mgonjwa mwenyewe amemwagiwa maneno kwamba akivumilia bila dawa atapata thawabu zaidi. Au maumivu yamepoa siku mbili, wakaona hakuna haja tena. Mofini hii nguvu yake hudumu kama saa 4, ndiyo maana muuguzi ameandika kila baada ya saa 4, na akaagiza kipimo cha usiku kiwe maradufu ili mtu alale bila kuamshwa. Ukiruka vipimo, maumivu hurudi, na kuyatuliza tena huchukua muda mrefu kuliko kuyazuia. Kufunga choo kunatarajiwa, si dalili ya sumu; muuguzi hutoa dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, na ikiwa haikutolewa aulizwe.

Kazi yetu hapo ni ndogo na ina mpaka. Hatupimi dawa, hatuongezi, hatupunguzi, hatuleti ya jirani. Tunauliza: chupa iko wapi, ya mwisho alikunywa saa ngapi, imebaki kiasi gani? Tukisikia maumivu hayatulii, tunampelekea muuguzi habari siku hiyo hiyo. Na akiwepo shehe au mchungaji anayesitasita katika familia, mwambieni kwa heshima kwamba kuondoa maumivu hakumwondoi mtu kwa Mungu wake. Mtu anayegugumia kwa uchungu hawezi hata kufuatisha Baba Yetu au Fatiha.

Vivyo hivyo dawa za ARV, zile za kupunguza makali ya ukimwi. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba na wenzake walipoanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi, dawa hizo hazikuwa zimetufikia. Walichokuwa nacho ni kukaa na wagonjwa ambao wengine waliogopa hata kuwagusa. Leo dawa zipo, na bado yuko mhubiri anayemwambia mtu azitupe kama ushuhuda wa imani. Akizitupa, virusi huongezeka tena, na akiwa anameza na kuacha, virusi huzoea dawa, na siku atakapozirudia huenda zisimfae. Katika kundi letu sheria ni hii: anayemwambia mgonjwa aache dawa, yeye ndiye ataacha kwenda.

Chakula. Kuna methali, mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya ukarimu, inamkataza mwenye nyumba kungoja aombwe. Lakini kwa mgonjwa anayekaribia mwisho, muulize. Mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula, na kulazimisha vijiko vya uji kwa mtu asiyemeza vizuri kunampalia, uji unaingia mapafuni. Najua inauma kumwona mama yako anakataa hata maziwa. Kipo cha kufanya: kitambaa laini, safi, kilichochovywa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, mpanguse midomo, ufizi na ulimi polepole, kisha mafuta kidogo midomoni. Ukifanya hivyo kila baada ya saa mbili tatu umemlisha kwa namna anayoweza kupokea.

Na kwa saa ya mwisho, Waislamu wanamkumbusha anayekata roho shahada. Wanazuoni wamefundisha upole: ikisemwa taratibu karibu yake naye akaitamka mara moja, asisumbuliwe tena, ila akizungumza jambo jingine baadaye. Kumrudishia rudishia kwa sauti kunaweza kumchosha akaichukia. Wakatoliki nao, msingoje hadi pumzi ya mwisho ndipo mkamwite padri Ediofe. Upako wa wagonjwa ni kwa aliye mgonjwa sana, na unaweza kurudiwa. Familia nyingi zinaogopa kwamba padri akionekana mgonjwa atajua anakufa. Yeye alikwisha kujua.

Sasa nije kwa mtu ambaye karibu wote tunampita bila kumwona. Anayeuguza.

Hospitali zetu zinamtegemea yeye. Ndiye anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayefua shuka, anayepika posho kwenye sigiri nyuma ya wodi, anayekimbia kununua glavu zilizokwisha. Wakirudi nyumbani ni yeye tena anayemgeuza mgonjwa kila saa 2, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya kulalia kwenye visigino, nyonga na kifandugu. Hesabuni: kila saa 2, ni mara 12 kwa siku. Mtu huyo hajalala usingizi wa saa 3 mfululizo tangu ugonjwa ulipoingia. Wageni wanakuja, yeye anawachemshia chai! Tunaondoka tumefarijika, naye ameachiwa vikombe.

Kwa hiyo katika kila ziara, mmoja wa wale wawili awe wa kwake. Usimuulize "nikusaidie nini?" maana mtu aliyechoka hivyo hawezi hata kufikiri, atasema hakuna. Taja kitu chenyewe: nakaa hapa mpaka saa nane, wewe nenda kalale, nipe ile baseni nifue, jerikeni mbili hizi nazijaza. Na chai usinywe siku hiyo. Kama anayeuguza ni mtoto, na wako wengi, jueni jina la shule yake, aliacha kwenda lini, na ni siku zipi za wiki kundi linaweza kushika zamu ili arudi darasani. Kwa maoni yangu kumpa mtoto huyo siku mbili za shule kwa wiki kunazidi maombi marefu yanayosomwa juu ya kichwa cha mgonjwa akiwa amesinzia.

Yako majeraha yasiyo ya mwili. Sisi watu wa West Nile, Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, tulikimbia kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire, na wenye umri hapa wanajua kulala katika nchi ya watu. Kambi ya wakimbizi ya Bidibidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016 waliovuka walikuwa mara hii wanatoka Sudan Kusini, upande ule uliotupokea. Kwa mtu aliyekimbia vita kanuni ni ile ile, na inaongezeka moja: usimchimbe. Usimuulize nani aliuawa na vipi. Akitaka atasema, na akianza usimkatize, na akiishia katikati usimdai sehemu iliyobaki.

Na huruma ivae glavu. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu watu 425 waliugua na 224 wakafa. Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekuwa ameongoza vita hivyo tangu mwanzo, aliamka usiku kumsaidia muuguzi mgonjwa aliyekuwa anatoka damu. Alivaa kila kitu isipokuwa kinga ya macho. Alifariki tarehe 5 Desemba. Yeye alijua hatari kuliko sisi sote, na haraka ya upendo ilimpitishia kitu kimoja. Ikiwa wizara ya afya imetangaza mlipuko, tunafuata maagizo yake: hatuzuru, hatugusi maiti, tunapiga simu na kupeleka chakula hadi pale tulipoambiwa tukomee.

Mwisho ni moyo wako wewe. Huruma inachoka, na ikichoka haipigi kelele. Dalili zake ni kwamba nyumba fulani unaanza kuipita upande wa pili wa barabara. Unasikiliza kilio na ndani yako hakuna kitu. Nyumbani unawafokea watoto kwa jambo dogo. Hiyo haimaanishi umepoteza imani. Umebeba kuliko kipimo. Kwa hiyo mtu mmoja asiwe na wagonjwa zaidi ya watatu, na wiki moja katika kila sita apumzike. Mgonjwa wako akifa, nenda mazishini, kaa na wafiwa, na usipewe mwingine kabla ya wiki mbili. Uwe na mtu mmoja wa kumweleza uliyoyaona, bila kutaja jina la mgonjwa wala mtaa. Siri za kitandani hazitoki, hata kwa njia ya "tumwombee fulani ana hivi na hivi". Wala picha hazipigwi.

Pesa usitoe mfukoni mwako kwa siri. Ukizoea, mgonjwa ataanza kukungoja kwa ajili ya mkono wako, na siku huna utaona haya kwenda. Toa kwenye mfuko wa kundi, wakiwepo wawili. Na usiahidi usichokishika. Usiseme "nitakuja tena" kwa kuaga tu, kwa sababu mtu aliye kitandani hana kingine cha kufanya isipokuwa kungoja. Sema Jumanne saa nne, kisha njoo Jumanne saa nne. Kwa mgonjwa dhaifu dakika 15 zinatosha. Wakati wa kuondoka mwambie mapema kidogo, usiinuke ghafla. Ukitaka kumwombea, muulize kwanza anataka aombewe nini. Huenda wewe unawaza uponyaji naye anawaza mwanawe aliyeko Juba asiyepiga simu. Kisha omba hilo alilolitaja, kwa maneno machache.

Siku nyingine atakutukana. Mwenye uchungu humtukana anayerudi, kwa kuwa wengine hawapo wa kutukanwa. Jibu pole, keti kidogo, ondoka kwa saa yako, na Jumanne rudi.

Pale mezani karibu na mlango kuna karatasi mbili, moja ya mama zetu na moja ya baba na vijana. Kila mmoja aandike jina, mtaa, na siku moja ya wiki ambayo ana hakika ataweza kwenda kwa miezi sita ijayo. Asiye na hakika na siku yoyote asiandike leo, achukue karatasi tupu akafikirie nyumbani. Hajati wa Oli na katekista wa Ediofe watawapanga wawili wawili, na orodha itasomwa Ijumaa baada ya swala na Jumapili baada ya misa ya pili.